Mwanzi Huota Haraka, Hukomaa Polepole

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawauamini mwanzi. Wameuona ukitobolewa na bungua, boriti ikageuka unga, wakaamua kuwa haufai kujengea. Tatizo huanzia kwa anayeukata mapema na kuuza bila kuutia dawa.

Mwanzi ni jamii ya nyasi. Chipukizi hutoka ardhini likiwa tayari na unene wake wa mwisho, na ndani ya miezi michache hufikia urefu wake wote. Lakini mwanzi huo bado una maji mengi na kuta zake hazijakakamaa. Hukomaa baada ya miaka 3 hadi 5. Hata hapo unaushinda msindano, ambao huhitaji takriban miongo miwili kutoa mbao, kisha hupandwa upya. Shina la mwanzi likikatwa, mizizi hubaki hai, huchipua tena na kuendelea kushika udongo.

Kinachowavuta bungua ni wanga uliomo ndani. Hivyo mwanzi hukatwa mwanzoni mwa kiangazi, machipukizi yakishautumia wanga mwingi kukua. Zamani watu waliuloweka mtoni majuma kadhaa ili wanga utoke. Siku hizi hulowekwa katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki. Kwanza mafundo hutobolewa kwa nondo ndefu ili dawa ipenye, na baadaye mianzi hukaushwa kivulini, maana jua kali huipasua.

Dawa hiyo huoshwa na mvua. Ndiyo maana mafundi wa Colombia, wanaojengea mwanzi wa guadua, husema nyumba ya mwanzi inatakiwa iwe na kofia nzuri na viatu vizuri: upenu mpana juu, msingi wa mawe au zege chini. Msumari nao huupasua mwanzi. Toboa kwa keekee, kaza kwa bolti.

Kwa samani, mwanzi hupasuliwa vipande, hurandwa, hupakwa gundi na kubanwa kwa mashine hadi upatikane ubao mgumu wa meza au sakafu.

Basi unaponunua mianzi, kabla ya bei uliza mambo mawili: ilikatwa ikiwa na miaka mingapi, na imetiwa dawa gani? Muuzaji asiyejua kujibu, mwachie mianzi yake.