Mtindo huru huanzia kwenye nyonga

Watu wengi wanaojifunza mtindo huru ukubwani huishiwa pumzi kabla ya kumaliza bwawa la mita 25, wakalaumu mapafu. Mapafu mara nyingi hayana kosa. Wanaogelea kifudifudi muda wote, na wakitaka hewa wanainua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu inazama, mwili unakaa mshazari, na maji, ambayo yana uzito wa karibu mara 800 ya hewa, yanawazuia kifua kizima.

Mwogeleaji aliyefunzwa hulalia ubavu huu, kisha ule, akigeuka kwa kuufuata uti wa mgongo kama mshikaki juu ya makaa. Mkono wa kulia ukinyooka mbele, ubavu wa kulia unashuka na nyonga ya kushoto inapanda. Mkono unafika mbali zaidi, na unapovuta maji unasaidiwa na misuli mipana ya mgongo, bega lisibebe kazi yote. Hewa nayo inapatikana humohumo: uso unageuka pamoja na kiwiliwili, jicho moja linabaki majini, na mdomo unavuta pumzi kwenye kibonde kinachojichimba kando ya kichwa. Pumzi ya zamani iwe imeshatolewa chini ya maji, la sivyo hakuna nafasi ya kuingiza mpya.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote karibu halina kazi ya mikono. Lala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umetulia pajani, macho yanatazama sakafu ya bwawa. Piga miguu mara sita, vuta mkono mmoja, geukia ubavu wa pili. Nyonga ndiyo ianze kugeuka. Mapezi ya kuogelea yanasaidia sana mwanzoni, na anayeanza afanye haya kwenye kina kifupi, akiwa na mtu wa kumwangalia.

Usigeuke mpaka kifua kitazame ukuta. Nyuzi 30 hadi 45 zinatosha. Ukizidisha, miguu inaachana kama mkasi ili kukuzuia usipinduke. John Trudgen, aliyeonyesha Waingereza mkono wa kupita juu ya maji miaka ya 1870, alipiga miguu hivyo kwa makusudi, lakini mtindo wa leo umeacha upigaji huo kwa sababu kila miguu ikifunguka mwendo unapungua.

Ubavu mmoja utakataa kugeuka kuliko mwenzake. Huo ndio upewe mazoezi zaidi, na pumzi uivutie upande huo hata kama kasi itashuka kwa wiki kadhaa.