Kompyuta imebeba madeni yako: Ichunguze kabla haijafa

Kwa mfanyabiashara wa Adumi anayeuza Kongo, au wa Koboko anayepeleka mzigo Sudan Kusini kupitia Oraba, kompyuta ya duka ndiyo daftari. Humo mna madeni ya shilingi, faranga na dola. Risiti za EFRIS zina kumbukumbu URA, lakini orodha ya wadaiwa wako haina nakala popote usipoiweka mwenyewe. Diski ikifa, mdaiwa aliye ng'ambo ya mpaka atalipa kadiri anavyokumbuka yeye.

Adui wa kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, Zombo, la megawati 3.5. Gridi ilifika mwaka 2024, lakini umeme wowote unaweza kukatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani iwekewe UPS. Ikizimika papo hapo umeme unapokatika, betri yake imechoka, ibadilishe.

Adui wa pili ni joto. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huziba feni. Feni ikinguruma muda wote, mashine ikawa nzito au ikajizima yenyewe, usingoje: mpelekee fundi aisafishe. Laptopu usiiweke juu ya magunia wala godoro, kwa maana hukosa hewa. Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja.

Kisha kuna diski yenyewe. CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows, huonyesha hali na joto lake. Bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ukiona njano, nakili kila kitu siku hiyo hiyo. Ukisikia diski ikigonga, zima usiendelee kujaribu.

Hata hivyo, bluu si dhamana. Google ilipochunguza diski zake zaidi ya 100,000, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili kuu nne.

Kwa hiyo, kila unapofunga hesabu za wiki, nakili madeni kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani. Mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyofunguka si nakala.