Sifuri Nane

Jamaa alimwaga bahasha ya kaki juu ya meza ya jikoni kwake, karatasi zikateleza hadi kwenye sahani ya mandazi. Akachomoa moja, akaiweka mbele yangu na kukandamiza kidole. "Hapa, kaka. Soma hapa." Kilikuwa kisanduku cha 12f cha Fomu DD 214, mahali panapoandikwa muda ambao askari wa Marekani alitumikia nje ya nchi. Miaka 0000, miezi 00, siku 00. Sifuri nane. Yeye alikaa Afghanistan miezi tisa.

Jamaa ni Mkenya. Aliingia jeshini kupitia mpango wa MAVNI, uliokuwa ukiandikisha wageni waliokuwa nchini kihalali na waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2016, lakini waliopitia mlango ule sasa ni askari wa zamani, na baadhi yao ndio kwanza wanagundua kilichoandikwa kwenye hati zao.

Fomu DD 214 imetumika tangu 1950, na ndiyo inayomsemea askari akishavua sare. Hospitali ya maveterani, mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali, ajira, hata bendera ya kufunika jeneza: kote huko huulizwa hiyo kwanza. Karani ndiye huijaza, katika siku za mwisho za askari kambini, kwa kukusanya habari kutoka majalada na mifumo ya kompyuta. Mwenyewe huletewa atie sahihi. Nimewauliza wengi kama waliisoma kabla ya kusaini. Wanacheka. Siku hiyo mtu ana vifaa vya kurudisha stoo, tiketi mfukoni na mke anayepiga simu kila nusu saa.

Kuna nakala fupi na nakala ndefu. Ile fupi haina visanduku vya 23 hadi 30, na humo ndimo ilimo aina ya kuachishwa, sababu yake, na msimbo unaosema kama mtu anaweza kurudi jeshini. Anayetaka kukagua kumbukumbu zake aombe ndefu.

Jamaa alitaka tuandike barua. Alikuwa nayo tayari kichwani, kurasa nne, kuanzia vumbi la kambi hadi jina la mpishi. Nikamwambia aiweke kwanza. Ofisi zinazohusika huanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu iko sawa, na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake anaubeba mwombaji. Hawatumi mpelelezi. Wanapima karatasi kwa karatasi, kwa hiyo kinachotafutwa ni karatasi nyingine iliyoandikwa wakati uleule na mtu asiyekuwa na sababu ya kudanganya.

Tulianza kuchambua. Amri ya kupelekwa vitani haikuwemo. Medali ya kampeni ya Afghanistan ilikuwepo, kwenye kiboksi chake, lakini medali hununuliwa hata dukani. Kisha zikatoka karatasi za mshahara, zimekunjwa pamoja na risiti za simu. Katika kila mwezi mzima aliokaa huko palikuwa na mstari wa posho ya hatari: dola 225. Chini yake, mshahara uliosamehewa kodi kwa kuwa ulipatikana katika eneo la vita. Jeshi halimlipi mtu posho hiyo kwa kukaa Texas. Tukaongeza ripoti ya tathmini ya kazi iliyotaja mahali alipokuwa, na barua za wenzake wawili wa kikosi. Barua za wenzake tuliziweka mwisho, maana zina nguvu zaidi zikija nyuma ya karatasi ya mhasibu.

Kosa la namna hii, ambalo jalada lenyewe linalipinga, halihitaji kupelekwa kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Kwa Jeshi la Nchi Kavu ombi huenda kwenye kamandi ya utumishi iliyoko Fort Knox, Kentucky, nao wakikubali hutoa Fomu DD 215, karatasi inayosema kisanduku fulani kisomeke hivi. Wengi hukimbilia bodi moja kwa moja, wanasubiri miezi mingi, halafu wanaambiwa warudi walikopaswa kuanzia.

Bodi zenyewe zina historia. Zamani mtu aliyeandikwa vibaya jeshini alilazimika kumtafuta mbunge ampeleke Bungeni, sheria nzima itungwe kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilichoka na shughuli hiyo, likaikabidhi kwa bodi za raia ndani ya kila idara ya jeshi. Ombi huandikwa kwenye Fomu DD 149, halina ada, na linaweza kuletwa hata na mjane au mrithi. Muda ni miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi ina ruhusa ya kulegeza muda huo haki ikidai hivyo. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10. Mimi huwaambia watu wasipange harusi kwa tarehe hiyo.

Sheria inaziruhusu bodi ziondoe vitu viwili, kosa na dhuluma, na ni rahisi kulipita hilo neno la pili. Henry Flipper, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877, alishtakiwa kwa wizi wa fedha za kikosi. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamtia hatiani kwa mwenendo usiofaa afisa, akafukuzwa mwaka 1882. Alihangaika kusafisha jina lake hadi alipofariki 1940. Mwaka 1976 bodi ya jeshi haikusema karani alikosea. Hukumu ilikuwepo kweli na iliandikwa sawasawa. Ilisema adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, ikamwandikia kuachishwa kwa heshima kwa tarehe ya mwaka uleule wa 1882. Msamaha wa rais ulikuja 1999. Na Novemba 2023, kwa pendekezo la bodi hiyohiyo, zilifutwa hukumu za askari Weusi 110 walioshtakiwa baada ya ghasia za Houston za 1917. Kumi na tisa kati yao walikuwa wamenyongwa.

Kwa hiyo anayesema "karatasi yangu iko sahihi ila nilionewa" naye ana mlango. Kama lalamiko ni aina ya kuachishwa, ipo pia bodi ya kupitia uachishwaji, kwa Fomu DD 293, ndani ya miaka 15. Tangu 2014 Wizara ya Ulinzi imezielekeza bodi zimtazame kwa jicho la huruma mtu ambaye utovu wake wa nidhamu ulitokana na majeraha ya akili ya vitani, na mwaka 2017 maelekezo hayo yakapanuliwa yawafikie pia waliodhalilishwa kingono jeshini. Kwetu sisi wahamiaji jambo hili ni zito zaidi. Aliyepata uraia kwa njia ya utumishi, akaachishwa bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, anaweza kunyang'anywa uraia huo.

Majina nayo yanatusumbua. Mtu aliyezaliwa Tanga ana jina lake, la baba na la babu. Fomu ya Marekani inataka la ukoo kwanza, basi babu anageuka ukoo kwenye karatasi moja na baba kwenye nyingine. Hilo ni kosa na hurekebishwa. Lakini aliyebadilisha jina kisheria baada ya kutoka jeshini, tuseme kwa kuolewa, kwa kawaida hukataliwa. Jibu huwa kwamba hati inaeleza ulivyokuwa siku ilipotolewa. Huyo asipoteze mwaka akibishana. Aambatanishe cheti cha ndoa kila anapoitoa.

Wapo ambao jalada lao halipo kabisa. Usiku wa kuamkia Julai 12, 1973, moto ulizuka ghorofa ya sita ya kituo cha kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa Jeshi la Nchi Kavu iliungua takriban asilimia 80 ya majalada ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Hapakuwa na nakala. Na watu wa masijala ile walifanya nini kwa nusu karne iliyofuata? Kilekile tulichofanya juu ya meza ya mandazi: walitafuta hati za malipo ya mwisho, ripoti za asubuhi za vikosi na kumbukumbu za hospitali, wakajenga upya utumishi wa mtu kipande kwa kipande.

Karatasi ya jamaa ilirudi kutoka Fort Knox. Ni ukurasa mmoja, mistari michache: kisanduku cha 12f kisomeke miezi tisa, na medali ya kampeni ya Afghanistan iongezwe kwenye kisanduku cha 13. DD 214 ya zamani haikubadilishwa, bado ina sifuri zake nane. Nikamwomba stepla, nikazibana pamoja, nikamwambia asije akaipiga fotokopi moja bila nyingine.