Apophis: jiwe la angani litakaloonekana kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 2029

Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, utakuwa usiku wa giza usio na mbalamwezi. Ni aina ya usiku ambao wavuvi wa ndagala wa Rumonge huingia ziwani na taa zao. Wakiinua macho, na mawingu ya masika yakiwapa nafasi, wataona nukta ya mwanga ikisogea polepole kati ya nyota kuelekea magharibi, upande wa milima ya Kongo.

Nukta hiyo haitakuwa ndege wala setilaiti. Ni jiwe lenye upana wa mita zipatazo 340, liitwalo Apophis. Litapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, karibu kuliko setilaiti zinazorusha matangazo kwenye madishi ya televisheni, ambazo zipo umbali wa kilomita 36,000. Litakuwa karibu zaidi kuelekea saa sita usiku, kwa saa za Burundi. Halitaigonga dunia.

Wanasayansi wanajuaje?

Apophis iligunduliwa Juni 2004. Desemba ya mwaka huo, hesabu za awali zilionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga dunia mwaka 2029, na hofu ikatanda. Kadiri lilivyozidi kutazamwa, njia yake ilizidi kubainika na hofu hiyo ikaondoka. Mwezi Machi 2021, baada ya kulipima kwa rada, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba halina hatari kwa dunia kwa muda wa miaka 100 angalau.

Jambo hili linawezekana kwa sababu mawe ya angani hayatangitangi ovyo. Kila moja hulizunguka jua katika njia yake, kama dunia yetu ifanyavyo. Mengi, yaitwayo asteroidi, yamo kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Machache, kama Apophis, hupita jirani nasi. Nyota mkia ni za namna nyingine: zina barafu nyingi, nazo zikilikaribia jua barafu hugeuka mvuke na kutoa mkia. Kimondo ni ule mwale unaoonekana pale kipande cha jiwe au chembe ya vumbi inapoingia katika hewa yetu kwa kasi kubwa na kuwaka.

Hata hivyo, njia za mawe hayo hubadilika kidogo kidogo. Mchana jua hulipasha jiwe joto, kisha jiwe hulitoa joto hilo, kama mawe ya ufukweni yanavyobaki na joto baada ya magharibi. Joto linalotoka angani hulisukuma jiwe taratibu, na baada ya miaka mingi msukumo huo huonekana katika hesabu. Nguvu ya uvutano wa sayari hufanya kazi kubwa zaidi. Leo Apophis hulizunguka jua kwa siku 324 hivi. Baada ya kupita karibu na dunia mwaka 2029, mzunguko wake utazidi mwaka mmoja.

Mawe yaliyotufikia

Ukanda wetu umekwisha kupokea wageni wa aina hii. Tarehe 16 Desemba 1938 mawe yalianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, nchini Tanganyika ya wakati huo. Uzito wa yaliyookotwa ulikuwa gramu 705 tu, lakini jina la kijiji hicho limepewa jamii nzima ya mawe adimu ambayo muundo wake unakaribiana na ule wa jua lenyewe. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirejea kutoka asteroidi ya Ryugu baada ya safari ya miaka sita, kikiwa na gramu tano na ushei za udongo wake. Ulipochunguzwa, ulionekana kufanana sana na mawe ya Ivuna.

Huko Mbale, Uganda, mawe mengi yalinyesha tarehe 14 Agosti 1992. Kipande kimoja kidogo kilimwangukia kijana kichwani, lakini jani la mgomba lilikuwa limekwisha kukipunguzia kasi, naye hakuumia.

La kufanya

Ukiona mwanga mkali ghafla angani, usikimbilie dirishani. Mjini Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, watu zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha: mwanga ulitangulia, na mshindo ukafuata baada ya dakika kadhaa. Ukiokota jiwe lililoanguka, usilioshe wala kulivunja. Andika mahali na saa, lifunge katika kitu safi na kikavu, kisha uwaarifu viongozi wa eneo au walimu wa sayansi.

Kadiri tarehe 13 Aprili 2029 itakavyokaribia, huenda wakasikika watakaodai kwamba ndiyo siku ya mwisho wa dunia. Wakazi wa Gatete na wa mwambao mzima wanaweza kuwajibu kwa utulivu: njia ya jiwe hilo imepimwa na inajulikana. Apophis haitatoa sauti wala moto, na wavuvi wataendelea kuvua.