Ngano ikikukataa: Jinsi ya kula tao na Westlands bila kuumia tumbo

TEMBEA kutoka Kencom hadi Tom Mboya saa saba mchana ukihesabu vyakula vilivyo tayari visivyo na ngano. Utachoka kabla vidole vya mkono mmoja kuisha. Chapo, mandazi, samosa, hot dog, baga, sandwichi, kuku wa kukaangwa aliyevishwa unga. Hata viazi karai, ambavyo kwa jina ni viazi tu, huchovywa kwenye unga wa ngano uliokorogwa kabla ya kuingia kwa mafuta. Ikiwa mwili wako haupatani na ngano, unaweza kushinda njaa katikati ya jiji ilhali pesa unazo mfukoni.

Adui hapa ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya chapo ivutike na mkate uumuke vizuri. Kwa wengi wetu haina neno. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba. Anaharisha, tumbo linafura, anakonda, anachoka ovyo, na damu inabaki pungufu hata akimeza vidonge vya madini ya chuma mwezi baada ya mwezi. Wengine hawaumwi na tumbo kabisa, ila utumbo unaendelea kuharibika. Duniani inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya 100. Na usidhani ni ugonjwa wa wazungu. Utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu watoto wa Wasahrawi, kule Sahara Magharibi, uliwapata nao zaidi ya watano kati ya kila 100.

Aliyeshika uzi wa jambo hili ni daktari Mholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa akishuku ngano kwa miaka. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita vilipofanya mkate uadimike Uholanzi, watoto waliokuwa na ugonjwa huu walipata nafuu katikati ya njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Nairobi tumbo likikusumbua, jina la kwanza utakalosikia ni amoeba, la pili typhoid, la tatu vidonda vya tumbo. Unaweza kumeza dawa za zote tatu na bado ukawa palepale. Ukiwa na shaka, mwombe daktari kipimo cha damu cha siliaki. Kikionyesha dalili, mara nyingi hufuata mrija wenye kamera ili kipande kidogo cha utumbo kichunguzwe. Na hapa ndipo vijana wengi wanaojitibu kwa TikTok wanapojiponza: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha mapema, kipimo kinaweza kusema uko sawa ilhali hauko. Pima kwanza, acha baadaye.

Haya, umepimwa, umeambiwa ni siliaki, na sasa ni lanchi.

Kosa kubwa ni kumuuliza mhudumu, "Hii iko na gluteni?" Atakuangalia, atatabasamu, atasema "hapana" kwa sababu hajui ni nini na foleni ni ndefu. Uliza kwa lugha ya jikoni: "Kuna unga wa ngano hapa ndani? Haya mafuta yamekaanga nini leo? Hiki kisu kimekata nini?" Hayo kila mpishi wa Nairobi anayajibu bila kumwita meneja. Na usione haya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Huombi hisani.

Kwenye duka la sandwichi, kuondoa mkate si suluhisho. Makombo yako kila mahali: kwenye ubao, kwenye kisu, kwenye glavu, kwenye kijiko cha mayonezi kilichopangusiwa mkate wa mteja aliyetangulia. Ukiomba saladi ya vilevile vilivyo kwenye sandwichi, sema mapema, kabla hajashika chochote: "Boss, ngano inanifanya mgonjwa, tafadhali badilisha glavu na uchukue kisu safi." Nenda saa tisa, si saa saba, saa saba hakuna mtu ana nafasi ya kuosha kisu. Nyama yenyewe pia iulizie. Soseji, smokie na nyama ya baga mara nyingine huchanganywa na makombo ya mkate, kwa hivyo "baga bila mkate" bado inaweza kukulaza.

Mikahawa kadhaa ya Westlands na Lavington ina mkate usio na gluteni, kwa bei ya kukufanya uhesabu nauli mara mbili. Kiwango cha kimataifa cha chakula kama hicho ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja. Ni kidogo sana hiyo. Mkate huo ukipitishwa kwenye tosta iliyochoma mkate wa kawaida, pesa zako zimeenda bure. Omba upashwe kwenye sufuria safi.

Chips ndizo zinazodanganya wengi. Kiazi hakina gluteni, lakini karai lililomkaanga kuku wa unga linayo. Tafuta kibanda kinachokaanga chips peke yake. Bhajia hutumia unga wa dengu, ila wapishi wengine huuongeza wa ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Bia nyingi ni shayiri, na vinywaji vya malti vilevile. Na "brown chapo" haikuokoi, hiyo ni ngano na maganda yake.

Kwa maoni yangu, mahali pa kula vizuri bila ngano si kwenye maduka makubwa ya kifahari. Java House ilianza 1999, KFC ikaingia 2011, na menyu za namna hiyo zimejengwa juu ya mkate na unga. Shuka Kangemi au Kawangware uingie kibandaski. Githeri, ugali, sukuma, ndengu, matumbo, mukimo, nduma: hivyo vyote havina gluteni kwa asili. Uliza tu, "Mathe, hii supu umeitia unga ama viungo vya pakiti?" na uombe sahani yako isipakuliwe kwa mkono ulioshika chapo. Kando ya barabara kuna mahindi choma yenye ndimu na pilipili, chakula cha haraka kuliko baga yoyote. Uji wa wimbi ni salama ikiwa wimbi halikusagwa kwenye mashine inayosaga ngano.

Ukichoka na ugali, panda hadi Diamond Plaza, Parklands. Dosa na idli hutengenezwa kwa mchele na choroko. Ulizia mvuje kwenye sambari, kwani mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na ngano. Kwa Wahabeshi, injera ya tefu tupu haina shida, lakini tefu ni ghali na wengine huichanganya na ngano. Uliza kabla hujanawa mikono.

Kuna pia suala la marafiki. Mkipanga kukutana, wewe ndiye upendekeze mahali, na upendekeze mapema, kabla ya mtu kusema pizza. Nyama choma na ugali hakuna msee wa Nairobi atakataa, mradi nyama ichomwe kwa chumvi peke yake na ikatwe kwenye ubao ambao haujapitia chapati.