Kwa nini lori lililosimama linaweza kuondoka lenyewe

Malori ya chakula na maboza ya maji yanapofika makazini, watoto huyazunguka na watu wazima hutafuta kivuli pembeni. Ni vizuri kujua ni kitu gani kinayazuia yasitembee.

Katika malori mengi makubwa, breki ya mkono haikazwi na upepo. Hukazwa na springi nene iliyo ndani ya chemba ya breki, karibu na matairi ya nyuma. Dereva akiweka vali kwenye nafasi ya kuachia, upepo wa tangi huingia kwenye chemba, huibana springi, na magurudumu huwa huru. Akiirudisha, vali hutoa upepo huo nje: ndiyo ile sauti ya "pshhh". Springi hufunguka na kukaza breki.

Kwa hiyo upepo ukivuja wote, lori hujifunga lenyewe. Hatari huja baadaye. Ikiwa kishikio cha vali kimebaki kwenye kuachia, injini ikiwashwa matangi hujaa, breki hulegea, na lori lililo kwenye mteremko huanza kutembea.

Zingatieni haya:

- Usikae chini ya lori wala nyuma yake, hata likiwa limezimwa.
- Dereva, hakikisha breki ya mkono imefungwa kabla ya kuwasha, na uweke jiwe au gogo kwenye tairi.
- Mafundi wanafunzi na waokota vyuma chakavu, msifungue chemba ya breki. Springi hubaki imebanwa ndani hata chemba ikishatolewa kwenye lori, na ikiruka inaweza kuua.