Simu ya Nyumbani na Usiku wa Shida



Siku hizi wengi huchukua simu mkononi, lakini zingali nyumba na shule zenye simu ya mezani. Juu ya simu hiyo twapenda kusema neno.

Tulipata kuwa wageni wa bibi mmoja mjane, akaaye na mjukuu wake wa miaka saba. Usiku alibanwa na kifua, hata kusema hawezi. Nambari ya mwanawe ilikuwa katika daftari, na daftari limo sandukuni. Mtoto alisimama kando ya simu akilia, asijue la kufanya, na kilio chake ndicho kilichotuamsha. Kwa rehema za Mungu bibi alipona. Lakini asubuhi tuliitazama simu ile tukaona haya: msaada ulikuwa pale miaka yote, wala hakuna aliyeuweka tayari.

Maana simu nyingi za mezani zina akili ya kukumbuka. Huwekewa nambari ndefu mara moja, kisha huipiga zenyewe mtu akibonyeza kitufe kimoja au viwili. Jambo hili si geni: huko Succasunna, katika jimbo la New Jersey, Marekani, watu walianza kuitana kwa tarakimu chache namna hii mwaka 1965.

Kwa desturi hubonyezwa kitufe cha kuhifadhi, huandikwa nambari, kisha huchaguliwa kitufe kitakachoiita. Lakini simu hazifanani, kwa hiyo kisomwe kwanza kitabu chake. Nambari ya mji mwingine iwekwe pamoja na tarakimu za mji wake, kama 022 ya Dar es Salaam au 020 ya Nairobi. Kitufe cha kwanza kiwe cha jirani aliye karibu, maana mwana aliye mbali hawezi kufika upesi. Kisha wafuate mwana, mganga na mchungaji. Andikeni majina kwenye karatasi kando ya vitufe. Kwa asiyejua kusoma, chora alama.

Mkiisha kuweka, pigeni kila moja mwone kama ni sahihi. Simu nyingine husahau yote umeme ukikatika au betri ikiisha nguvu; basi daftari lisitupwe, likae karibu na simu. Tena watoto wafundishwe kwa moyo nambari ya 112, iitayo polisi Tanzania na Kenya, wala wasiichezee.

Yule mjukuu tulimfundisha siku ile ile. Alibonyeza kitufe kimoja, akasikia sauti ya baba yake, akacheka. Bibi alimtazama, naye akafuta machozi.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Yatupasa kujaza taa mafuta kungali mchana. Basi, ndugu, fanyeni kazi hii kabla ya Jumapili ijayo. Na mkiimaliza kwenu, nendeni mkawafanyie wazee walio peke yao.